Mdogo wangu alimaliza kifungo zamani, sasa amealikwa Uingereza. Ana haki ya kusafiri au hana?

DadaWaUru (Moshi)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo. Naomba mnisaidie jambo linaloninyima usingizi. Anayejua sheria aniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumenyonya ziwa moja. Desemba 2013, watu wakiwa wamepanda nyumbani kwa Krismasi, kulizuka ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, huku kwetu Uru. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imenyweka tangu mchana. Mdogo wangu akampiga jirani kwa fimbo, jirani akapasuka kichwani, akashonwa. Kesi ikaenda Mahakama ya Mwanzo: shambulio la kudhuru mwili, miezi tisa jela. Hakuwa na wakili, maana wakati ule mawakili hawakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo, na hata wangeruhusiwa hela ya wakili tungeitoa wapi. Akafungwa gereza la Karanga, akapunguziwa theluthi kama wafungwa wengine wenye mwenendo mzuri, akatoka Septemba 2014.

Tangu hapo hajaitwa kituoni hata mara moja. Alianza mlimani kama mgumu, anabeba mizigo ya wageni kichwani lango la Machame, akapanda akawa msaidizi, sasa ana leseni ya kuongoza wageni. Mwaka juzi alikuwa na wazee wawili, mume na mke, Waingereza wa Sheffield. Yule mama alizidiwa na hewa ya juu pale Barafu, usiku, hawezi hata kusimama. Mdogo wangu na wagumu wawili wakamshusha gizani njia ya Mweka mpaka akaanza kupumua vizuri. Yule mama anasema maisha yake anadaiwa na kijana wetu. Sasa wamemwandikia barua rasmi ya mwaliko, akae kwao mwezi mmoja, tiketi na malazi juu yao.

Nyumbani furaha imegeuka mabishano. Mjomba anasema aliyefungwa hapewi pasipoti Tanzania, tusijisumbue. Kuna kishoka pale karibu na stendi anayejazia watu fomu za viza, yeye anasema tukifika kwenye swali la makosa ya jinai tuweke "hapana" tu, kwamba mafaili ya Mahakama ya Mwanzo hayako kwenye kompyuta yoyote na Mzungu hatajua. Anataka hela yake kabla ya Jumamosi. Mdogo wangu mwenyewe amenyamaza. Ananiambia, "Dada, acha tu, mimi ni mtu wa Karanga."

Hilo neno ndilo lililonifanya niandike hapa. Hakimu alisema miezi tisa, na miezi hiyo imekwisha. Mbona hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba asitoke nje ya Tanzania mpaka afe? Nauliza: pasipoti ni haki yake au ni hisani? Uingereza wanaweza kumkataa kwa kosa la zaidi ya miaka kumi iliyopita ambalo ameshalilipia? Na wakimkataa, kuna Tume ya Haki za Binadamu au mahakama tunayoweza kuiendea, maana tunasikia hizo mahakama kubwa ziko hapo Arusha tu, nauli ya basi?

Mgumu wa Machame

Dada, huyo kishoka mkimbieni. Naongea kwa uchungu. Kuna mwenzetu tuliyepanda naye mlima miaka mingi alijaziwa fomu na mtu wa aina hiyo hiyo. Yeye hakuwa hata na kesi, alikuwa amewahi kunyimwa viza na nchi nyingine. Akajaziwa "hapana, sijawahi". Walioisoma fomu wakaona kwenye kumbukumbu zao kwamba aliwahi. Kunyimwa kwa kwanza lilikuwa jambo dogo tu, lakini ule uongo ndio ukamwandikia marufuku. Wageni wake waliomwalika waliumia kuliko yeye, maana walidhani aliwadanganya na wao.

Na huyo kishoka hayupo kwenye karatasi yoyote. Jina ni la mdogo wako, sahihi ni ya mdogo wako.

Karani Mstaafu (Sakina, Arusha)

Marahaba binti. Nimekuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu, nimeona hukumu nyingi za aina ya ndugu yako zikiandikwa kwa mkono. Nitajibu kwa kirefu, nivumilie.

Mjomba anakosea, na anamkosesha kijana kitu kikubwa. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila raia haki ya kwenda kokote ndani ya Jamhuri ya Muungano na kuishi popote, kutoka nje ya nchi na kuingia. Ibara hiyo hiyo inakubali haki hiyo ipunguzwe kwa mujibu wa sheria, kwa mfano mtu anapotumikia kifungo au anapotekeleza amri ya mahakama. Ndiyo maana mshtakiwa akipewa dhamana huambiwa akabidhi pasipoti polisi na asitoke eneo lake. Ni sawa, kesi inaendelea. Ila sababu ikiisha, na kizuizi kiishe. Ndugu yako hana kesi, hana dhamana, hana kifungo. Aende Uhamiaji na kitambulisho chake cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwaliko na shilingi 150,000 za pasipoti, aombe kama raia mwingine yeyote. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Hapo kweli Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inahusika, kwa kuwa kazi yake ni kupokea malalamiko dhidi ya vyombo vyetu wenyewe, na Ibara ya 30 inamruhusu kwenda Mahakama Kuu.

Sasa sehemu chungu. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 13, linasema kila mtu ana haki ya kutoka nchi yoyote, hata yake, na kurudi kwake. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 12, nao vivyo hivyo. Soma vizuri: kutoka, na kurudi kwenu. Hakuna mstari unaosema utapokelewa kwa mwenzako. Mlango wa kutokea unalindwa na Katiba, mlango wa kuingilia una mwenyewe. Kwa hiyo Tume haiwezi kumwandikia ofisa wa viza wa Uingereza, wala Mahakama ya Afrika hapa Arusha haina mamlaka juu ya London. Na hata dhidi ya Tanzania, tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua shauri jipya pale moja kwa moja, baada ya serikali kuondoa tamko lililokuwa linaruhusu. Nimeona watu wanapoteza nauli kwa kutojua hili, na linanisikitisha.

Haya, Uingereza wenyewe wanasemaje? Kwa kanuni zao za uhamiaji za tangu Desemba 2020, aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, katika nchi yoyote, ombi lake la kwenda kutembea linakataliwa, hata kama ilikuwa ujanani na sasa ana mvi. Aliyehukumiwa chini ya miezi 12 anakataliwa kama miezi 12 haijapita tangu amalize kifungo. Ndugu yako alipewa tisa, akamaliza 2014. Kwa kipimo hicho kosa lake peke yake halimfungii mlango. Ofisa bado ana nafasi ya kupima tabia yake kwa jumla, na atapima mengine yote: kazi, fedha, familia, dalili kwamba atarudi. Maombi mengi hukataliwa hapo.

Angalia, wanahesabu hukumu iliyotamkwa, si siku alizolala gerezani. Ile theluthi haiwahusu. Fikiria basi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, mwaka 2014, anachagua kati ya miezi tisa na kumi na miwili, mshtakiwa hana wakili, hakuna mtu mle chumbani anayewaza uwanja wa ndege. Ile mitatu iliyopungua ndiyo inayomwezesha kuomba leo. Jambo hili lilinisumbua nikiwa kazini na linanisumbua sasa: adhabu moja inazaa nyingine ambayo hakimu hakuitamka.

Tena msidhani dunia nzima ina kipimo kimoja. Australia nao wana miezi 12. Japani, mwaka mmoja. Kanada wanaliangalia kosa kana kwamba limetendeka kwao, kisha baada ya miaka mitano tangu adhabu iishe unaweza kuomba utambuliwe kuwa umejirekebisha. Huo ndio utaratibu ninaouheshimu zaidi, maana unampa mtu njia ya kusikilizwa. Marekani ndio wagumu: kwa makosa wanayoyaona ni ya uovu wa tabia hakuna miaka inayofuta, isipokuwa madogo sana au ya utotoni, na fomu yao inauliza hata kama ulisamehewa. Wapo wanaodhani msamaha wa Rais wa Ibara ya 45 unafuta kila kitu mbele ya mataifa. Haufuti. Waingereza nao wana sheria ya 1974 inayomruhusu mtu wao mwenye kosa la zamani asilitaje anapotafuta kazi, lakini tangu 2012 haitumiki kwenye uhamiaji. Yaani wanajua kwamba mtu hubadilika, ila ujuzi huo unaishia kwenye kaunta ya pasipoti.

Sisi wa Arusha tumeliona hili kwa macho. Ile Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa kwenye jengo la mikutano la AICC, iliyofungwa mwisho wa 2015, iliwaacha hapa mjini watu iliowaachia huru na wengine waliomaliza vifungo. Nchi za kuwapokea hazikupatikana, na wao hawakutaka kurudi Rwanda. André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, aliachiwa huru 2004, rufaa ikathibitisha 2006, na 2021 bado alikuwa Arusha. Desemba mwaka huo wanane walipelekwa Niger kwa makubaliano rasmi na Umoja wa Mataifa, na kabla ya mwezi kuisha Niger ikaamuru waondoke. Simfananishi ndugu yako na mashtaka mazito kama yale, hata kidogo. Nasema tu kwamba hata hukumu ya kuachiwa huru, tena ya mahakama ya kimataifa, haikumnunulia mtu ruhusa ya kuingia mahali.

Kuhusu kuandika "hapana": Uingereza wakigundua udanganyifu kwenye ombi, maombi yake yanaweza kukataliwa kwa miaka kumi. Hukumu ya 2014 haimfungii mlango. Uongo wa mwaka huu utamfungia.

MamaNjiro

Nimesoma yote na naheshimu. Lakini na mimi niseme la moyoni. Niliwahi kupigwa na mtu niliyemwamini, kovu ninalo. Aliyenipiga alifungwa kidogo, akatoka, akahamia mji mwingine, na huko hakuna aliyeambiwa. Kila ninaposikia "ameshamaliza adhabu yake" najiuliza mimi yangu nimemaliza lini. Nchi ikitaka kujua nani anaingia kulala kwenye nyumba za wazee wake, siwezi kuilaumu. Mtasema ni haki za binadamu. Na wale wazee wa Sheffield si binadamu?

DadaWaUru (Moshi)

MamaNjiro, pole sana dada yangu. Pole kwa kweli. Wala sitabishana na kovu lako.

Sikatai waulize. Waulize yote. Ninachokataa ni kuuliza halafu wasisikilize jibu. Ngoja nikueleze kilichotokea baada ya Karanga, sikukieleza mwanzo kwa sababu hakuna fomu inayokiuliza. Alipotoka tu, wazee wa ukoo walimpeleka kwa yule jirani na mbuzi na jani la sale, ambalo kwetu ni la kuombea msamaha, kama desturi yetu inavyotaka. Jirani alikataa mara ya kwanza. Alikuwa na haki ya kukataa. Mdogo wangu akamlimia shamba la kahawa msimu mzima bila kulipwa, hakuna aliyemlazimisha, kisha wakarudi na sale nyingine na jirani akaipokea. Leo mtoto wa jirani huyo anapanda mlima kwenye kikundi cha mdogo wangu. Mpaka wa kihamba ulipandwa masale mapya, wote wawili wakiwepo.

Nilikuwa sijawaambia wale wazee wa Sheffield kuhusu kifungo, nilidhani ni siri ya mdogo wangu. Baada ya kusoma ulichoandika jana usiku nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia, hao watu watakulaza nyumbani kwao, wana haki ya kusikia kutoka kwako. Akawaandikia mwenyewe, kwa Kiingereza chake. Wamejibu asubuhi kwamba mwaliko uko palepale, na kwamba wataandika barua nyingine kusema wanajua na bado wanamkaribisha. Kwa hiyo asante, umenisaidia kuliko unavyodhani.

Mzee Karani, sasa swali la kazi. Tunaipataje hukumu yenyewe? Sisi hatuna hata kipande cha karatasi. Na je, yeye huwa anavuka na wageni Namanga kwenda Amboseli mara mojamoja, kule nako anaweza kuzuiwa kwa jambo hili?

Dereva wa Namanga

Hilo la Namanga nalijua kwa kupita. Siku hizi kituo ni cha pamoja, ukitoka Tanzania unashuka upande wa Kenya, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia humo humo. Mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anapewa hadi miezi sita bila kulipia. Abiria wangu huwa hawaulizwi kuhusu jela. Lakini nimeshuhudia mtu akiambiwa "rudi ulikotoka" bila neno la ziada, akabaki kwenye benchi na begi lake, analia, hajui alichokosa. Nani anamtetea mtu kama huyo?

Karani Mstaafu (Sakina, Arusha)

Dereva, hapo sasa mahakama ya Arusha inahusika, ile ya Afrika Mashariki. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe na wenzake kwenda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakaingia, yeye akarudishwa Nairobi kwa karatasi iliyomwita mhamiaji asiyetakiwa, bila sababu. Akaishtaki Uganda hapa Arusha. Mei 2013 majaji wakasema nchi mwanachama ina mamlaka ya kuzuia mtu asiye raia wake, lakini lazima ifuate Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja: awepo msingi wa usalama, utulivu au afya ya umma, apewe sababu, apewe nafasi ya kujieleza. Uganda ikashindwa. Kwa hiyo mtu wa kwenye benchi aombe sababu kwa maandishi, aandike tarehe na saa, na asikawie, maana shauri linafunguliwa ndani ya miezi miwili. Halihitaji kwanza kupitia mahakama za nyumbani. Ndani ya Jumuiya tumepiga hatua ambayo kwingine bado, na natamani kila anayevuka Namanga, Holili na Sirari aijue.

MamaNjiro, swali lako kuhusu wazee ni swali la haki, na nimefurahi binti amelijibu kwa vitendo.

Binti, hukumu. Mahakama ya Mwanzo ile ile iliyosikiliza kesi ndiyo mnayoiandikia barua, mkiomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na mwenendo wa shauri. Kama faili limehamishwa, uliza Mahakama ya Wilaya hapo Moshi, mafaili ya zamani huenda yako kwenye masijala yao. Gereza nalo liombeni barua ya uthibitisho wa tarehe ya kuachiwa, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba miezi 12 imepita. Hukumu ni ya Kiswahili, itafsiriwe na mfasiri anayeweka jina, sahihi na tarehe, msitafsiri wenyewe. Kisha kijana aandike ukurasa mmoja: nini kilitokea, alihukumiwa nini, ameishi vipi tangu hapo. Asijitetee sana. Jirani akikubali kuandika mistari michache kuhusu sale na kuhusu mtoto wake kufanya kazi naye, iambatanishwe. Leseni ya mlima, barua ya kampuni inayomwajiri na taarifa za benki viwe juu kabisa, maana ofisa ataanzia hapo.

Msilipe mtu wa stendi. Mkikwama kwenye barua za mahakama, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana ofisi Arusha, na hawatawatoza kwa ushauri. Mkienda masijala mchukue namba ya kesi. Kama hamnayo, jina kamili la kijana na mwezi wa hukumu vinatosha kwa karani kuanza kutafuta kwenye rejista ya 2014.